Mtazame Mtoto Kabla ya Kumimina

Mwanangu, nimefurahi kusikia umepata kazi ya kuhudumia meza katika bustani zile kubwa za burudani za Disney huko Florida, na nimefurahi zaidi kwamba umeuliza kabla ya kupanda ndege. Unataka kujua utafanyaje ukiambiwa upeleke mvinyo kwenye meza iliyojaa watoto. Ujana wangu wote nimeumalizia katika kumbi za chakula za hoteli za pwani, kwa hiyo nisikilize shangazi yako.

Kwanza ujue unakoingia. Disneyland ya California ilipofunguliwa Julai 1955, Walt Disney alikataza pombe isiuzwe ndani. Yeye mwenyewe alikuwa akinywa whisky yake nyumbani, lakini alizijua bustani za burudani za zama zake, uchafu wake na fujo zake, naye alitaka mahali ambapo baba na mama wangekwenda na watoto bila hofu. Magic Kingdom ya Florida, iliyofunguliwa 1971, ilishika sheria hiyohiyo kwa zaidi ya miaka 40. Ilianza kulegea Novemba 2012, mkahawa wa Be Our Guest ulipoleta bia na mvinyo, tena kwa mlo wa jioni tu. Kufikia 2018 mikahawa yote ya pale yenye wahudumu wa mezani ilikuwa ikiuza. Wafaransa hawakuwa na subira hiyo. Bustani ya Disney ya karibu na Paris ilifunguliwa Aprili 1992 bila mvinyo, wenyeji wakalalamika kwamba hawajui kula hivyo, na mwaka uliofuata ukaruhusiwa.

Wapo wazee wenzangu wanaoona huo ni upotovu mtupu. Sikubaliani nao. Baba aliyetembea juani tangu asubuhi akiwa na mtoto mabegani, akaketi na jamaa yake, akaagiza bia moja pamoja na kuku, hajamkosea mtu. Kinachonitia wasiwasi ni pombe inayotembea. EPCOT, bustani jirani, inauza pombe tangu ilipofunguliwa 1982, na watu wamejizoesha mchezo wa kuzunguka mabanda ya nchi 11, kila nchi kinywaji chake, glasi mkononi. Mwenye watoto akiingia katika mchezo huo, watoto ndio wanaomfuata yeye anakokwenda. Mezani mambo ni mengine: mtu ameketi, chakula kiko mbele yake, na kuna mhudumu anayemwona. Mhudumu huyo ni wewe. Usipomwona wewe, hiyo meza haina tofauti na baa.

Kama dini yako inakukataza hata kuibeba chupa, sema siku ya usaili, usingoje zamu ya kwanza. Kazi za kukaribisha wageni, za jikoni na za kupanga meza zipo. Hakuna heshima katika kukubali kazi kisha kumsukumia mwenzako kila meza yenye mvinyo.

Ukiamua kuhudumia, basi uhudumie kwa akili. Joto la Florida halina mchezo. Wageni wako watakuwa wametoka jasho, hawajanywa maji ya kutosha, na wengi hawajala tangu asubuhi. Tumbo tupu huipeleka pombe kwenye damu haraka. Basi peleka maji kabla hujaulizwa, jagi zima, kisha mkate, na chakula cha watoto kitangulie. Mtoto akishiba, mzazi naye hana haraka ya kuagiza glasi ya pili ili avumilie kelele.

Glasi ya mtu mzima iweke upande wake wa mbali na mtoto, umtaje kwa sauti aliyeiagiza. Siku hizi kuna vinywaji vya watoto vyenye rangi na mapambo kama vya wakubwa, na mtoto wa miaka minne hachagui, hunyakua kilicho karibu. Trei yenye vinywaji vya aina zote mbili usiiteremshe kwa pupa. Glasi tupu za pombe ziondoe mara moja, maana masalia ya chini nayo ni pombe.

Kitambulisho uliza bila haya. Marekani umri wa kunywa ni miaka 21, na hata mzazi akikuambia mwanawe wa miaka 19 amemruhusu, wewe hujaruhusiwa. Sheria ya Florida inaweza kumtoza gharama ya madhara yaliyofuata mtu aliyemuuzia kwa kujua kijana asiyetimiza umri, au mtu anayejulikana kuwa mraibu wa pombe. Kwetu Kenya, sheria ya 2010, ile watu waliyoipa jina la mbunge Mututho, inamtaka mwenye leseni asimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia panaponywewa pombe. Lakini umekulia hapa, umeona Jumapili kwenye nyama choma: watoto wanaruka kwenye majumba ya hewa hadi giza linaingia, wazazi wako kwenye kreti ya pili, na hakuna mhudumu aliyesema neno. Usiende na mazoea hayo.

Sasa, jambo gumu zaidi ni kukataa. Kule bahashishi huhesabiwa kwa asilimia ya bili, kwa kawaida 15 hadi 20, na mvinyo ndio unaopandisha bili. Kila glasi unayoizuia inatoka mfukoni mwako. Nakuambia mapema ili siku hiyo ikifika usidhani moyo wako umeharibika kwa kusita. Sita, kisha kataa.

Wala usingoje mpaka mtu ayumbe. Sikiliza sauti inayopanda, mzaha unaorudiwa kwa mkewe ambaye hacheki tena, mkono unaoitafuta uma mahali isipokuwapo. Zaidi ya yote mtazame mtoto. Mtoto wa mlevi humjua babaye mapema kuliko mhudumu yeyote. Akianza kunyamaza ghafla na kumkodolea macho baba kila anapoinua glasi, wewe umekwisha kuambiwa.

Kumkatalia mtu mbele ya wanawe ni kumvunjia heshima, na mtu aliyevunjiwa heshima hulipiza nyumbani. Inama upande wake, sema kwa sauti ya chini: "Mzee, kwa leo mvinyo umetosha, nikuletee kahawa na kitindamlo cha watoto?" Usitumie neno "umelewa". Usimnyang'anye glasi iliyo mkononi mwake. Na usidhani kahawa itamlevua: mwili huhitaji takriban saa moja kuimaliza glasi moja, na hakuna kinachouharakisha. Magari ya wageni wa Magic Kingdom huegeshwa ng'ambo ya ziwa, nao huvuka kwa feri au treni ya reli moja kabla ya kuyafikia. Muda huo hautoshi kumlevua mtu. Muulize mke, taratibu, ni nani atakayeshika usukani, na umwambie teksi huitwa kutoka wapi.

Meneja wako huenda akaja kukwambia mpe mteja anachotaka. Mjibu kwa adabu kwamba glasi hiyo amimine yeye kwa mkono wake, kisha uandike kwenye daftari lako namba ya meza, saa, na ulichomwambia. Andika usiku uleule, kabla hujavua sare.