Bushara na Onyo Katika Kinywa Kimoja

 

Leo turudi Madina, mwaka wa 3 Hijria, watu wanaporejea kutoka vita vya Uhud. Mashahidi 70 wamelazwa ardhini, Hamza, ami yake Mtume (s.a.w.), akiwa miongoni mwao. Mtume mwenyewe amerudi na jeraha usoni na jino limevunjika. Mji mzima ni kilio.

Aliyetaka kuwatuliza watu siku ile hakukosa la kusema, tena lenye ukweli. Makureshi walikuja 3,000. Waislamu walitoka 1,000, na njiani Abdullah bin Ubayy akageuka na watu wake wapatao 300. Ilitosha kuambiwa: adui zenu walikuwa wengi, mlisalitiwa, subirini. Nani angelaumu? Lakini wahyi uliposhuka, katika sura ya Aal Imran, haukuwapa udhuru huo. Waliposhangaa msiba huu umewafikaje, wakajibiwa kwamba umetokana na nafsi zao. Wakakumbushwa uasi wao pale walipokwisha kuonyeshwa wanachokipenda. Nao walikijua vyema kile kilima: wapiga mishale 50 chini ya Abdullah bin Jubayr, walioamrishwa wasibanduke, iwe ushindi au kushindwa. Walipoiona ngawira wengi wao wakateremka. Abdullah akabaki na wachache, akauawa papo hapo, na wapandafarasi wa Khalid bin Walid, ambaye wakati huo hajasilimu, wakapenya palipoachwa wazi. Walioambiwa maneno hayo walikuwa watu ambao makaburi ya ndugu zao bado ni mabichi.

Sasa tazameni sura hiyo hiyo inavyoendelea. Mtume akaamrishwa awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao. Ashauriane nao tena! Na ilhali yeye alikuwa ameona bora wabaki Madina, ni rai ya wengi wao iliyowatoa kwenda Uhud. Nimeisoma aya hiyo miaka mingi na bado inanitetemesha. Wameambiwa kosa lao bila kufichwa, na wakati huo huo wamewekewa nafasi yao mkekani.

Mwaka wa 10 akafariki Ibrahim, mwanawe Mtume, mtoto ambaye hata miaka miwili hajatimiza. Siku ile jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim, na naamini walisema kwa mapenzi. Baba aliyetoka kumzika mwanawe angeweza kunyamaza tu, na uvumi ule ungemzidishia utukufu mbele ya watu. Hakunyamaza. Aliwaswalisha, kisha akawabainishia kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake. Aliikataa faraja ya uongo siku ambayo mwenye kuhitaji faraja kuliko wote alikuwa ni yeye.

Na sisi je? Katika msikiti mmoja niliokuwa nikiswali zamani, kila mwaka tuliambiwa fedha za paa zipo, tusiwe na wasiwasi. Tukasema mashaallah, tukatoka kuvaa viatu. Siku moja baada ya swala kijana akasimama akaomba daftari la hesabu lisomwe. Kamati haikuwahi kumjibu, kwa sababu sisi jamaa wa safu za mbele tulimnyamazisha kwanza. Tulimwambia analeta fitina. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo. Masika ilipoingia, maji yalitudondokea tukiwa katika sijda, na kijana yule alikwisha kuhama, anaswali mtaa mwingine. Tunalalamika kuwa viongozi wetu hutudanganya, na asiyetudanganya tunamfukuza.

Nisieleweke vibaya. Wako wanaopanda mimbari wakadhani ukali ndio ukweli. Humfokea mama muuza vitumbua kwa kanga yake, na tajiri aliyeketi mbele yao, anayekula mali ya yatima, hawamgusi. Qur'ani imemwita Mtume mbashiri na muonyaji, majina mawili kwa mtu mmoja.

Kaab bin Malik, sahaba wa Mtume, aliyaonja yote mawili, onyo na bushara. Mwaka wa 9 alibaki nyuma jeshi lilipokwenda Tabuk, bila udhuru. Watu zaidi ya 80 walikwenda kuapa na kutoa visingizio, vikapokewa kwa dhahiri yake na siri zao zikaachiwa Mola. Kaab alisema kweli: sikuwa na udhuru wowote. Malipo yake ya mwanzo yakawa siku 50 za kutosemeshwa. Anazunguka sokoni, hasemeshwi; anatoa salamu, haitikiwi. Dunia ikamwia finyu. Alfajiri iliyotimiza usiku wa 50, sauti ikapaa kutoka mlima wa Sal'i: Kaab, pokea bushara! Akajua toba yake imekubaliwa, akasujudu. Aliyemletea bushara alipofika, akamvulia nguo zake mbili, wala hakuwa na nyingine siku ile, akaazima za kuvaa kumwendea Mtume. Alipoingia msikitini, Talha bin Ubaydullah akainuka, akamkimbilia kumpa mkono, na uso wa Mtume ulikuwa unang'ara kwa furaha.