Mvivu Anaweza Kugeuka?

Katika mfano wa Matayo 21:28-31, mwana mmoja alikataa kwenda shambani, kisha akajuta, akaenda. Ni nini kilichomgeuza? Hatusomi kwamba alipigwa. Baba alimwita mwana, akamwachia nafasi ya kujuta. Lakini yule mtumwa mvivu wa Matayo 25 alimwogopa bwana wake, akaficha talanta udongoni, hakugeuka. Ndiyo maana sisi Wakimbanguisti tunasema Mapendo, Amri, Kazi: mapendo yanatangulia.

Wazazi wa Mangina, kijana akikataa leo kupalilia kakao, tumwonye kwa mapendo, tusimfukuze nyumbani. Na yule aliyeacha shamba kwa sababu ya vita si mvivu: tumwombee, tumpe chakula. Amina.