Akiba na Lundo

Akiba haiozi, walinena wahenga, na kauli hiyo imepita vizazi vingi pasi na kuulizwa swali. Lakini mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero anayo akiba moja inayoikana methali hiyo, nayo ni mbegu. Mpunga wa mbegu ukilazwa chumbani msimu wa pili na wa tatu, katika joto na unyevunyevu wa Ifakara, hufa ndani ya ganda lake huku kwa nje ukingali na rangi yake ile ile ya dhahabu. Mwenye kuuweka hajui kwamba amepotelewa. Gunia lipo, na uzito upo; kilichoondoka ni uhai. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila mwenye nyumba hulikwepa: ni kitu gani kina haki ya kukaa ndani ya nyumba ya mtu, na ni kipi kimekwisha kuipoteza haki hiyo?

Swali hili zama hizi limepata walimu wengi. Mwaka 2011 mwandishi wa Kijapani, Marie Kondo, alitoa kitabu juu ya kupanga nyumba ambacho baadaye kilifasiriwa kwa lugha nyingi. Fundisho lake ni kwamba mtu akishike mkononi kila kitu chake na ajiulize iwapo kinampa furaha. Kisichompa, akishukuru na akiage. Hapana shaka fundisho hilo lina upole wake. Hata hivyo, limezaliwa katika miji ambamo kinachotupwa leo hununuliwa tena kesho. Likifika Ifakara hukutana na mambo mengine. Jembe halimpi mtu furaha; linampa ugali na wali. Ndoo iliyotoboka haipendezi machoni, lakini ni chombo cha kuwekea majivu, au cha kuoteshea miche ya mchicha.

Bonde lenyewe lina mafunzo yake. Limelala baina ya milima ya Udzungwa na vilima vya Mahenge, na mvua zinapokolea mito huacha kingo zake na kuutandaza uwanda mzima kwa maji. Katika miaka ya 1970, wakati watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, makazi mengi yaliwekwa kando ya barabara na mashamba yakabaki mbali. Kwa hivyo, hadi leo, familia nyingi hufunga mizigo msimu wa kilimo unapoingia, zikahamia shambani mpaka mpunga uvunwe. Huko huishi katika vibanda vya muda, na penye maji hujenga dungu juu ya nguzo. Kinachobebwa ni kidogo: sufuria, jembe, panga, chandarua, blanketi, dumu la maji, chumvi, na mbegu. Miezi inapita, na hakuna anayelilia kabati.

Mwenye haraka atasema: huu ndio ushahidi kwamba binadamu anahitaji machache, na yaliyobaki ni ziada. Hoja hiyo inavutia, lakini ina kasoro. Dungu ni jepesi kwa sababu kuna nyumba nyingine kijijini inayobeba uzito. Humo amebaki bibi na wajukuu wanaosoma, akilinda milango, vyombo na nguo za watu waliokwenda. Wepesi wa mmoja, aghalabu, ni uzito uliohamia kwa mwingine. Jambo hili ni kweli hata kwa miji ya mbali. Makabati yanayosafishwa Ulaya na Marekani hayamaliziki hewani. Sehemu ya yaliyomo hufungwa marobota, yakavuka bahari na kuitwa mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikapinga, na marobota yangali yakishushwa. Waswahili husema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Hawakusema mti huo huangukia uani kwa nani.

Basi na tufikiri juu ya nyumba moja, mfano wa nyumba nyingi. Mama ni mjane. Mwanawe amekuja kutoka Dar es Salaam kabla ya mvua, kwani Lumemo ni mto ambao umewahi kuingia mjini, na mafuriko ya mwaka 2024 bado yamo vichwani mwa watu. Anataka kupunguza vitu ili, maji yakija, pawe na machache ya kuokoa. Nia yake ni njema.

"Mama, sufuria kubwa hili la nini, nawe unapika chakula cha watu wawili?"

"Hilo si langu peke yangu, mwanangu. Pakiwa na msiba mtaa huu, ndilo linalopikiwa."

"Na jembe hili lililolika?"

"La baba yako. Mdogo wako ameliomba. Hajapata nauli ya kuja kulichukua."

Kila kitu alichokigusa kijana kilitajiwa mtu. Mkeka ulikuwa wa shangazi, kinu kilikuwa cha majirani wote. Kisha akafika kwenye gunia lililo pembeni mwa kitanda, lenye mpunga wa Supa aliouchagua marehemu kwa mkono wake kuwa mbegu, misimu miwili iliyopita. Hapo mama hakutaja mtu. Alinyamaza.

Kimya hicho ndicho kiini cha mas'ala yote. Vitu vya kwanza vilikuwa amana: vimekaa kwa mmoja kwa ajili ya wengine, na anayevitupa kwa kudai kwamba nyumba ni yake anatupa haki isiyo yake. Gunia lile si amana ya mtu aliye hai, wala halitumiki. Limeshikwa na hofu: hofu kwamba likiondoka, marehemu ataondoka mara ya pili.

Na hofu haifai kuchekwa, maana ina historia. Katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi, Mahenge ikiwemo, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kupita risasi. Mtu ambaye wazee wake waliona kihenge kikigeuka majivu hataambiwa kwa wepesi kwamba ghala tupu ni uhuru. Anayekusanya sana, yumkini, anajibu swali ambalo hakuulizwa yeye bali babu yake.

Pamoja na hayo, hofu si mlinzi mwaminifu. Akiba na lundo hazitofautiani kwa wingi. Nyumba yenye vitu mia vinavyojulikana vinamngoja nani ina nidhamu kuliko chumba chenye vitu kumi vilivyosahauliwa. Akiba ina jina la mtu au la siku, lundo halina. Na mbegu inaongeza sharti la pili, gumu zaidi: kuna vitu ambavyo hutunzwa kwa kuachwa viende. Aliyeigawa mbegu yake kwa jirani ameiweka katika ghala lisilofikiwa na panya, na mwaka ambao maji yatalichukua shamba lake atajua pa kwenda kuiomba. Aliyeifungia chumbani ameiua kwa mapenzi.

Maji yakishapanda hayaulizi kipi ni amana na kipi ni hofu. Ndiyo maana uchaguzi huu hufanywa kukiwa kukavu, na hufanywa na mwenye nyumba, si kwa niaba yake. Kijana yule akiwa na busara hatalibeba gunia usiku. Ataleta kitambaa na maji. Mama atachota punje, azihesabu, azifunge katika kitambaa kibichi, na kungoja siku chache, kama wakulima wafanyavyo wakitaka kujua mbegu ingali hai. Zikiota, zitakwenda shambani pamoja na mpunga mwingine. Zisipoota, gunia litakwenda kinuni, na wali wake utaliwa na wengi katika sufuria lile kubwa. Kwa vyovyote vile litabaki tupu, tayari kwa mavuno.