Ahadi ni Deni, Lakini Nani Atadai?



Kila mwaka unapoanza, sisi wazazi tunaoishi Uingereza hupigiana simu kuulizana jambo lile lile: mtoto anakaribia mitihani ya GCSE, je, achague masomo gani ya A-Level? Miaka mitatu iliyopita zamu yangu ilifika. Binti yangu, akiwa na miaka 16, alisema anataka Historia, Kiingereza na Sheria. Mawili ya kwanza sikuyapinga. La tatu lilinitia wasiwasi.

Kwanza, kwetu Tanzania Sheria si somo la sekondari. Mwenye ndoto ya uwakili huchukua HKL au HGL, kisha husubiri chuo kikuu. Pili, nilikuwa nimesikia maneno ya watu kwamba A-Level ya Sheria ni somo laini na vyuo vikubwa havilipendi. Nikafuatilia. Vyuo vinavyotoa shahada ya sheria, Oxford na Cambridge vikiwemo, haviweki sharti kwamba mwombaji awe amesoma Sheria kabla, wala aliyeisoma hafungiwi mlango. Mwaka 2011 umoja wa vyuo uitwao Russell Group ulitoa mwongozo wenye orodha ya masomo yanayofungua milango mingi, na Sheria haikuwamo. Orodha hiyo iliachwa mwaka 2019. Mtihani wa LNAT, ulioanza mwaka 2004 na unaotumiwa na baadhi ya vyuo kuwachuja waombaji wa sheria, hauulizi kifungu hata kimoja cha sheria. Unapima usomaji na hoja. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mtoto akilipenda somo hili mwache alisome, na asipolipenda hajakosa kitu.

Mimi nikaridhika hapo. Nililokuwa sijalijua ni kwamba somo lile lingenigusa mimi kuliko yeye.

Ilikuwa mwaka wake wa pili. Walikuwa kwenye sheria ya mikataba, mahali panapoulizwa ni ahadi zipi zinaweza kupelekwa mahakamani. Jioni moja tukiwa mezani akanisimulia kesi mbili.

Ya kwanza ni Balfour dhidi ya Balfour, ya mwaka 1919. Mume alikuwa na kazi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Walikuja Uingereza likizo, mke akawa mgonjwa, daktari akamshauri abaki. Mume akaahidi kumpa paundi 30 kila mwezi. Baadaye waliachana, na mke akadai pesa zake. Mahakama ya Rufaa ikasema hapana: mume na mke wanapopatana mambo ya nyumbani, hawakusudii kufungana kisheria. Jaji Atkin alieleza kwamba ahadi za namna hii zinasimama juu ya mapenzi, na mahakama si mahali pa kuyapima.

Ya pili ni Jones dhidi ya Padavatton, iliyochapishwa katika ripoti za mwaka 1969. Hii, wasomaji wangu, ni kesi yetu sisi watu wa ughaibuni kabisa. Mama alikuwa Trinidad. Binti yake alikuwa Washington, ana kazi nzuri na mtoto mdogo. Mama akamwambia: acha kazi hiyo, nenda Uingereza ukasomee uwakili, mimi nitakupa dola 200 kila mwezi. Binti akaacha kazi, akaja mwaka 1962. Hata dola zenyewe hawakuelewana, maana mama alikusudia za West Indies na binti alidhani ni za Marekani. Baadaye mama akanunua nyumba London ili binti akae humo, apangishe vyumba na ajikimu. Miaka ikapita, mitihani haijaisha, wakagombana, na mama akaenda mahakamani kuidai nyumba yake. Mama akashinda. Majaji wawili kati ya watatu walisema hakukuwa na mkataba, yalikuwa makubaliano ya kifamilia. Wa tatu, Salmon, alisema mkataba ulikuwapo, ila ulikuwa wa muda wa kutosha kumaliza masomo, na muda huo umekwisha.

Binti yangu alipomaliza kusimulia akacheka, akasema: "Kwa hiyo baba, hata binamu yangu wa Tanga hawezi kukushtaki."

Nilicheka naye. Kisha kijiko kikanielemea mkononi.

Inabidi niwaeleze. Dada yangu anaishi Tanga. Mwanawe alipofaulu Kidato cha Nne, alipangiwa shule ya serikali ya mbali, ya bweni. Mimi, kwa simu, huku nikisikia nderemo nyuma yake, nikasema: "Asiende huko. Mtafutieni shule nzuri ya binafsi hapo hapo, ada niachieni mimi." Wakamtafutia. Nililipa muhula wa kwanza na wa pili. Kisha kazini walipunguza saa zangu, kodi ya nyumba ikapanda, nikaanza kuchelewa kupokea simu za dada. Hakuna siku niliyosema silipi tena. Nilinyamaza tu. Kijana akarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na ile nafasi ya serikali ilikuwa imekwisha potea. Leo anaendesha bodaboda.

Nikamuuliza binti yangu, kama mtu anayeuliza habari za watu wengine: "Na huyo mama wa Trinidad, alikuwa na haki?" Akafikiri, akajibu: "Kisheria alishinda, baba. Mwalimu anasema hilo ni swali moja. Kama alifanya vizuri ni swali jingine, na hilo halimo kwenye mtihani."

Ndugu wasomaji, ndilo swali ninalolileta kwenu. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mahakama inasema baadhi ya ahadi hazidaiki. Je, deni lisilodaika bado ni deni?

Wapo watakaosema hapana. Wenzangu kadhaa wamenijibu hivyo nilipowaeleza. Wanasema sisi huku tunabanwa; kila simu ni ombi, na mtu hutamka "ndiyo" kwa heshima tu, ili asimvunje moyo mzazi au ndugu. Huko nyumbani nao wanajua kwamba "ndiyo" ya simu ina maana ya "nitajaribu". Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Si kila neno jema ni ahadi. "Tutaangalia" ni neno la adabu. "Nikipata nitatuma" ni tumaini lenye sharti ndani yake.

Lakini hapa ndipo somo la binti yangu lilinibana zaidi. Mahakama ya Uingereza haiulizi tu mtu alisema nini moyoni mwake. Huuliza: maneno yalikuwa yepi? Mtu mwenye akili ya kawaida angeyaelewaje? Na katika kesi kama ya Trinidad huangaliwa pia yule aliyeahidiwa alifanya nini kwa kuyategemea. Nikajiuliza maswali hayo hayo. Maneno yangu yalikuwa "niachieni mimi", hayakuwa na "nikipata". Dada yangu aliyaelewa kama yeyote angeyaelewa. Na kijana aliiacha nafasi aliyokuwa nayo mkononi kwa sababu ya maneno hayo. Yule binti wa Washington aliacha kazi; mpwa wangu aliacha shule. Mbele ya jaji ningeshinda, na bado kila jibu lilikuwa dhidi yangu.

Nimefikiri sana kwa nini jaji angeniacha niende. Sababu si kwamba sheria inadharau ahadi za ndugu. Mwaka 1955, katika kesi ya Simpkins dhidi ya Pays, bibi, mjukuu wake na mpangaji wao walikuwa wakishiriki pamoja shindano la gazeti kila wiki, kwa jina la bibi. Wakashinda paundi 750, bibi akakataa kugawa. Mahakama ikampa mpangaji theluthi yake. Tena mwaka 1970, katika kesi ya Merritt, mume aliyekwisha hama nyumba alimwandikia mkewe kwamba akimaliza kulipa mkopo wa nyumba, nyumba itakuwa yake. Hapo mahakama ilisema ni mkataba kamili, kwa kuwa wanaoachana hujadiliana kwa tahadhari. Ukizitazama kesi hizi pamoja, utaona sheria huingia pale ambapo kuaminiana hakupo au kumekwisha. Ndani ya familia inayopendana hubaki nje, kwa kudhani kwamba humo mna kitu kingine kinachofanya kazi yake: aibu, huruma, jina la mtu, macho ya wazee.

Kwa hiyo jaji anaposema "hili halinihusu", hajasema "hili si deni". Amesema mdai si yeye. Amenirudishia mimi mwenyewe, na dada yangu, na wewe unayesoma. Nikilichukua jibu lake kuwa ruhusa, nimemsingizia.

Na hii ndiyo hatari ninayoiona kwa kijana wa miaka 16 au 17 anayesoma Sheria, na kwa mtu mzima anayesikiliza nusu nusu. Atajifunza kusema "si kosa kisheria" na kuishia hapo. Nilikuwa nimeishia hapo kwa miaka kabla sijasikia jina la Padavatton. Dawa si kumzuia asisome. Mtoto aliyezoea kutenganisha ukweli na madai, na kusikiliza upande wa pili kabla ya kuhukumu, amepata kitu hata asipokuwa wakili. Ila swali la pili, lile ambalo halimo kwenye mtihani, linabidi lifundishwe mezani. Na mzazi hawezi kulifundisha akiwa na deni analolikimbia.

Wiki ile nilipiga simu Tanga. Dada alipokea kama kawaida, akaniuliza hali ya wajukuu zake wa kufikirika anaowasubiri. Nikaomba kuongea na kijana. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia, nikamwambia nilichopaswa kumwambia zamani: niliahidi, sikutimiza, na sikukuambia. Alinyamaza, kisha akasema, "Yamepita mjomba." Hayakupita, na wote wawili tulijua. Ada ya Kidato cha Tano siwezi kuilipa tena, maana kijana yule wa miaka 18 hayupo. Nilimuuliza anataka nini sasa. Alisema atafikiri. Baada ya mwezi alinitumia gharama za kozi ya umeme wa magari, imeandikwa vizuri, mstari kwa mstari.

Safari hii sikumjibu siku ile ile. Nilikaa na mke wangu, tukapiga hesabu, ndipo nikamwambia kiasi gani naweza na kwa miezi mingapi. Binti yangu aliona karatasi ile mezani, akauliza kama ni mkataba.

Nikamwambia hapana, mama. Huu hauna mahakama.