Je, kamera hii ni israfu?

Tangu likizo naweka akiba ninunue Canon EOS RP iliyotumika, kamera isiyo na kioo ndani, ya fremu nzima: kihisi chake ni cha milimita 36 kwa 24, sawa na filamu za zamani. Ilipotoka mwaka 2019 iliuzwa Marekani kwa dola 1,299 bila lenzi, na watu wakaiita ya bei nafuu. Nafuu kwa nani?

Hoja yangu ilikuwa usiku wa Rumonge. Wavuvi wa ndagala huwasha taa ziwani, mitumbwi inayumba, na kihisi kikubwa hukusanya mwanga zaidi. Ni kweli. Lakini usiku mmoja baada ya Isha nilizipitia picha nizipendazo. Zote nilizipiga mchana kwa kamera ndogo ya kuazima: akina mama wakianika ndagala mwaloni. Basi usiku ulikuwa kisingizio. Nilitaka nionekane nayo shingoni.

Mpiga picha wa harusi akiinunua, kwake ni jembe. Mimi je? Mmoja wa mama wale aliniomba picha yake kwenye karatasi, nikamwambia inshallah. Mpaka leo sijampelekea.