HUYO NAYE ANAISHI?



Usiitupe karatasi hii. Najua umepewa mkutanoni, na pengine ulikuwa unapita tu, au ulikuja kusikiliza vyombo na kuangalia watu. Hakuna neno. Kaa hapo hapo ulipo, dakika chache tu, usome mpaka mwisho.

Asubuhi moja ya mwaka 2014 nilikuwa pale Mtoni kwa Azizi Ally nasubiri daladala ya Kariakoo. Mimi natembea kwa magongo. Nilipata polio nikiwa na miaka miwili, enzi zile ugonjwa huo ulikuwa bado unatembea nchini.

Magari matatu yalinipita. Konda wa kwanza alisema limejaa, na halikuwa limejaa. Wa pili alisema nitamchelewesha. Wa tatu alinitazama tu, akapiga bodi, gari likaondoka. Nyuma yangu walikaa vijana wawili wanakunywa kahawa. Mmoja akamwambia mwenzake, wala hakushusha sauti: "Sasa huyo naye anaishi?"

Hakuwa kijana mbaya. Alisema kwa huruma kabisa, na ndiyo maana liliniuma kuliko maneno ya makonda. Konda alininyima kiti. Yule kijana alininyima uhai.

Je, wewe hujawahi kuwaza hivyo? Umemwona mama kambeba mgongoni mtoto mkubwa mwenye mtindio wa ubongo, ukasema moyoni, bora Mungu angemchukua tu. Umemwona asiyeona anavushwa barabara ya Kilwa, ukasema, mie siwezi, bora nife. Siku ile sikumjibu yule kijana, maana daladala ya nne ilisimama. Leo najibu.

MAGONGO NILIYOYATUPA

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 20. Sikuwa mtu wa kanisa. Shangazi yangu akanipeleka kwenye mkutano wa Injili, uwanja mmoja huku huku Temeke. Mhubiri, ambaye simtaji jina, akaniona, akaagiza nipandishwe jukwaani. Akaniwekea mkono kichwani, akaomba kwa sauti kuu, watu wakashangilia. Akaniambia: tupa magongo! Basi nikayatupa. Kwa imani yote niliyokuwa nayo siku ile, nikayatupa. Nikapiga hatua moja, nikaanguka kifudifudi mbele ya umati.

Pakawa kimya. Kisha nikasikia kwenye spika: "Huyu ana mashaka moyoni." Wakaniteremsha kwa ngazi ya nyuma, kwaya ikaendelea. Shangazi akanipoteza kwenye ule umati. Magongo yangu sikuyaona tena.

Nilikaa chini ya mwembe mpaka watu wakaisha. Aliyenikuta pale ni kijana wa kijiwe cha mtaani kwetu, mvuta bangi, mtu ambaye alikuwa hajaingia kanisani hata kwa harusi. Akauliza magongo yako wapi. Nikamweleza. Hakunihubiria. Aliinama tu akasema: "Panda, kaka. Miguu ninayo." Akanibeba mgongoni mpaka nyumbani Mtoni, anapumzika, ananibeba tena.

Kijana, nielewe vizuri. Mimi naamini Mungu anaponya. Pengine jioni hii hii utaona mtu ameinuka, nawe usimcheke, mshukuru Mungu. Lakini mtu anayesema kwamba asiyepona hana imani, huyo anatutwika mzigo ambao Yesu hakututwika. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke mwilini mwake, na haukutoka (2 Wakorintho 12). Je, Paulo hakuwa na imani? Musa alilalamika kwamba ulimi wake ni mzito (Kutoka 4). Mungu alimpa Haruni awe msemaji wake, wakaenda kwa Farao wawili. Siku nyingine jibu la Mungu linakuja kwa njia ya mtu. Jibu langu mwaka 2003 lilinuka bangi.

NANI AMETENDA DHAMBI?

Huku kwetu mtoto akizaliwa na ulemavu, maneno yanaanza kabla hajapewa jina. Nani kamloga? Mama yake alifanya nini? Mtoto anafichwa chumba cha uani, wageni wakija mlango unafungwa. Wenzetu wenye ualbino waliitwa zeruzeru, tena wengine wakauawa na kukatwa viungo kwa uongo wa waganga kwamba viungo hivyo vinaleta utajiri. Aibu hiyo ilijulikana dunia nzima. Lakini mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir, mama mwenye ualbino, aliingia bungeni kwa kuteuliwa. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwany kwa kura zao. Ngozi iliyowindwa usiku ilikuwa inatunga sheria mchana.

Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza swali hilo hilo la uswahilini. Soma Yohana 9. Walimwona mtu asiyeona tangu kuzaliwa, wakataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa yote mawili. Hakumlaumu mama wala hakumtafuta mchawi.

Sasa sikia. Mwaka 2016 yule kijana aliyenibeba alipata ajali ya bodaboda barabara ya Kilwa. Lori lilimgonga. Hospitali wakamkata mguu wa kulia. Siku hiyo hiyo mtaa ukaanza: kafanya nini huyu? Nani kamchezea? Wala hakufanya kitu. Lori lilimgonga, basi. Wazee walisema kweli: hujafa, hujaumbika.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa amegeukia ukutani. Akasema, "Kaka, bora ningekufa. Sasa hapa mimi naishi nini?"

Ni lile swali la stendi! Safari hii limetoka kinywani mwa mtu niliyekuwa na deni lake. Sikuweza kunyamaza tena.

MAISHA MAZURI NI YAPI?

Nikamwambia: mdogo wangu, hebu tuhesabu pamoja. Asubuhi naamka, mke wangu ananipa chai, binti yangu ananiletea daftari la hesabu za kugawanya. Nafungua kibanda changu cha ufundi simu kule Mtongani. Wananiletea simu zilizotumbukia kwenye ndoo, tunacheka, nazikausha, zinawaka. Jioni nanunua samaki. Usiku ninaloliwaza ni kodi ya nyumba na luku, kama wanaume wenzangu wote wa Temeke. Mguu siuwazi. Je, mtu wa namna hii haishi?

Akasema, "Wewe umezoea." Nikamwambia, mimi nimeanza utotoni, ni kweli, wewe umeanza jana. Lakini siko peke yangu. Mwaka 1999 wataalamu wawili, Gary Albrecht na Patrick Devlieger, walitoa utafiti wao baada ya kuwahoji watu 153 wenye ulemavu. Zaidi ya nusu ya waliokuwa na ulemavu wa kati na mkubwa walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Mpita njia akiwatazama anaona mateso matupu. Wao wenyewe ukiwauliza wanakwambia jambo jingine. Shida ni kwamba mpita njia haulizi.

Sisemi hakuna maumivu. Yapo. Mvua ikinyesha Mtoni, magongo yanazama kwenye tope mpaka nalia. Ila ukichunguza utaona mengi yanayotuumiza yametengenezwa na watu. Ngazi za ofisi zisizo na njia ya kiti cha magurudumu, ni watu. Darasa lisilo na mtu anayejua lugha ya alama, ni watu. Konda anayepiga bodi, ni mtu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 ya wafanyakazi ni watu wenye ulemavu. Hebu pita ofisini uwahesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu 1 katika kila 10 wenye miaka 7 na kuendelea ana ulemavu wa aina fulani. Wako wapi hao wote pale kijiweni kwenu? Tumewafungia uani.

Mbele ya kibanda changu kulikuwa na mtaro. Miaka minne niliuvuka kwa kushikwa mkono kama mtoto mdogo. Siku moja vijana wa jirani wakachanga, wakaleta saruji na kokoto, wakamwaga zege juu yake, upana wa hatua mbili. Tangu siku ile navuka mwenyewe. Mguu wangu ni ule ule. Mtaro ndio uliofunikwa.

MEZA YA MFALME

Baada ya mwaka 2003 niliapa sitasikia habari za Yesu tena. Mwaka 2009 mama mmoja alileta simu kibandani. Alipokuwa anasubiri akafungua Biblia yake, 2 Samweli 9, akanisomea bila kuniuliza. Habari za Mefiboshethi.

Alikuwa mjukuu wa mfalme Sauli. Alipokuwa na miaka mitano, yaya wake alikimbia naye vitani, akamwangusha, miguu yote miwili ikalemaa. Akakua mafichoni kwa watu. Daudi alipokuwa mfalme akamwita. Mefiboshethi akaja akitetemeka, akajifananisha na mbwa aliyekufa. Unaona? Alikuwa amesikia maneno ya stendi kwa miaka mingi mpaka akayaamini. Daudi akamrudishia mashamba ya babu yake, akamweka mezani pake ale siku zote kama wana wa mfalme.

Nikamwuliza yule mama, "Halafu akapona?" Akasema, "Soma mwenyewe mwisho wa sura." Nikasoma. Sura inaisha Mefiboshethi anakula mezani kwa mfalme, na miguu yake yote miwili bado imelemaa.

Nililia pale pale, na bisibisi mkononi. Miaka yote nilidhani Mungu ananingojea nipone ndipo anikaribishe. Kumbe kiti changu kilikuwa tayari! Yesu naye aliagiza hivyo hivyo: ukiandaa karamu, waite maskini, viwete na vipofu (Luka 14). Na alipofufuka, mwili wake wa utukufu ulikuwa bado na alama za misumari, Tomaso akaonyeshwa (Yohana 20). Mwokozi wangu ana makovu mbinguni. Mimi nitaona aibu gani kwa magongo?

SASA WEWE

Wewe mwenye ulemavu unayesoma haya, au unayesomewa: wewe si mkosi, si laana, si mzigo. Kama unataka kuombewa upone, ombewa. Kama umeombewa na hali ni ile ile, njoo hivyo hivyo. Kwenda hospitali si kukosa imani. Kama una mdogo wako amefichwa ndani, mtoe. Hapa hapa barabara ya Kilwa kuna shule ya Matumaini ya Jeshi la Wokovu pale Mgulani. Viziwi wana shule yao Buguruni. Uhuru Mchanganyiko wanasoma wanaoona na wasioona. Msasani kuna hospitali ya CCBRT. Nenda ukaulize.

Na wewe mwenye miguu miwili mizima. Wahubiri wengine wangekwambia kwamba wewe ndiye kilema, kilema wa roho. Mimi sitasema hivyo, maana nimechoka kuona mwili wangu ukifanywa tusi la kuwatukania wengine. Nitakwambia kwa jina lake: wewe ni mwenye dhambi, kama mimi. Umemcheka mtu aliyeumbwa na Mungu. Umempita. Umempima binadamu kwa nguvu, kwa sura, kwa pesa mfukoni, na kwa kipimo hicho hicho unajipima mwenyewe usiku na kujiona hufai. Kipimo hicho kitakuua. Siku kazi ikikosekana, siku mwili ukichoka, utageukia ukutani kama rafiki yangu.

Yesu alikufa kwa ajili yako kabla hujafanya lolote la maana. Thamani yako imeshalipwa msalabani. Haipandi ukipata gari wala haishuki ukipoteza mguu. Usiseme kesho. Aliyetoka na bodaboda asubuhi ile naye alikuwa na mipango ya jioni.

Kama unataka, omba pamoja nami, kwa sauti au kimoyomoyo:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe. Nisamehe kwa watu niliowadharau, na kwa jinsi nilivyojidharau mwenyewe. Naamini ulikufa ukafufuka kwa ajili yangu. Ingia moyoni mwangu, uniweke mezani pako jinsi nilivyo. Nipe macho ya kuwaona wenzangu. Amina."

Ukiomba hivyo kwa moyo wako, umepokelewa. Waone wahudumu waliovaa beji hapo mkutanoni, au nenda kanisa la wokovu lililo karibu nawe Jumapili hii. Na kabla ya Jumapili, tafuta mtaro mmoja mtaani kwenu, uufunike.

Yule rafiki yangu alitoka hospitali. Leo anaendesha bajaji, na konda gani atampita sasa! Bado hajaokoka. Ananiambia, "Kaka, nafikiria." Nakala ya kwanza ya karatasi hii nimempelekea yeye. Muombee. Ya pili unayo wewe mkononi.

UKIMALIZA KUSOMA USITUPE. MPE MWENZAKO.