Kinachosalia Nyuzi Zikigeuzwa

Mwaka 1742 Anders Celsius, mtaalamu wa nyota wa Uppsala nchini Sweden, alipendekeza kipimo cha joto ambacho maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Alifariki mwaka 1744, na haukupita muda kipimo chake kikageuzwa juu chini. Maji yakaendelea kuganda na kuchemka kama zamani. Kabla yake Fahrenheit alikuwa ameweka sifuri yake kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia, ndiyo maana kwake maji matupu huganda kwenye 32. Wapo wanaosoma historia hii wakahitimisha kwamba ukweli wenyewe ni makubaliano tu: kila watu na kipimo chao, na hakuna wa kumsahihisha mwenzake. Kwa maoni yangu, historia hiyo hiyo inawapinga.

Chukua nyuzi 10 na nyuzi 20 za Celsius. Ni rahisi kusema kwamba joto limekuwa maradufu. Sasa zigeuze: zidisha kwa 1.8, kisha ongeza 32, upate 50 na 68 za Fahrenheit. Umaradufu haupo tena, kwa sababu ulikuwa wa tarakimu na haukuwa wa hewa kamwe. Lakini endelea hadi nyuzi 30, ambazo ni 86. Kutoka 10 hadi 20 na kutoka 20 hadi 30 ni hatua sawa, na kwa Fahrenheit pia hatua zote mbili ni 18. Usawa huo umevuka salama. Kugeuza nyuzi, basi, ni kama chekeche: yaliyo ya mpimaji hubaki juu, yaliyo ya kitu hupita. Ndiyo maana anayeandika kwamba dunia ikipata joto zaidi kwa nyuzi 2 za Celsius ni sawa na nyuzi 35.6 za Fahrenheit, badala ya 3.6, amekosea jambo zito kuliko hesabu: amelichukua chaguo la Fahrenheit la pa kuanzia akalihesabu kama joto.

Mpinzani atasema hii ni hesabu tu kati ya vipimo viwili vya kubuni, na kwamba vikipatana havithibitishi chochote. Pingamizi hili lina nguvu, tena kuna ushahidi unaolisaidia. Katika karne ya 18 Jean-André Deluc alilinganisha vipimajoto vya zebaki na vya alkoholi vilivyowekewa alama kwenye ncha zile zile mbili. Katikati havikuafikiana: zebaki ikionyesha 50, alkoholi ilikuwa kwenye 44 hivi. Lakini kama joto lingekuwa makubaliano tu, tofauti hiyo ingemalizwa kwa kura. Haikumalizwa hivyo. Ilichukua miongo ya majaribio, hadi William Thomson alipopendekeza mwaka 1848 kipimo kisichotegemea tabia ya kimiminika chochote, akijenga juu ya nadharia ya Carnot kuhusu injini za joto. Sifuri ya kipimo kilichotokana na kazi hiyo, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Celsius, haikuchaguliwa na mtu. Ukihesabu kutoka hapo, nyuzi zetu 10 na 20 zinapishana kwa asilimia 3.5 hivi. Ukubwa wa kila uzi bado ni chaguo letu, nakubali; uwiano si chaguo letu.

Hoja ya vipimo hupendwa zaidi katika maadili, na huko pia ina sehemu yake ya haki. Mwanamume Mkristo huvua kofia kanisani, Myahudi hufunika kichwa katika sinagogi, na mgeni mwenye busara hutambua heshima ile ile kwa alama zilizopinduliwa. Hapo kugeuza kunawezekana. Lakini aliyeona ni halali kumuuza binadamu na aliyeona ni haramu hawakutofautiana pa kuanzia kuhesabu. Hakuna cha kuzidisha wala kuongeza kitakachoifanya kauli ya mmoja iwe ya mwenzake. Anayesema kila mmoja wao alikuwa na kipimo chake anadaiwa kanuni ya kugeuza, na hajaileta.